Kutajwa si Kusikilizwa: Familia za Hagadera na Lugha ya Gereza

Neno lililonisukuma kuandika makala haya ni neno ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili alilijua tangu madarasa ya chini: kutaja. Kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Hagadera, na alasiri moja alinijia mama wa mwanafunzi wangu akiwa na karatasi aliyoifunga vizuri ndani ya kitambaa. Mwanawe mkubwa alikuwa rumande mjini Garissa. Mama huyo aliambiwa kwamba kesi "itatajwa" tarehe fulani. Basi alitafuta kibali cha kutoka kambini, akaazima nauli, akaandamana na wazee wawili wa ukoo waliokuwa tayari kusimama mbele ya hakimu na kuapa kwamba kijana yule ni mtu wa watu. Walifika, wakaketi, jina likasomwa, tarehe nyingine ikatolewa, kijana akarudishwa alikotoka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Aliponijia swali lake lilikuwa moja, nalo alilitoa kwa Kisomali huku bintiye akitafsiri: "Mwalimu, wamemtaja. Wamemtaja kwa wema au kwa ubaya?"

Swali hilo halina kosa lolote la kisarufi. Katika Kiswahili cha kawaida mtu hutajwa kwa wema au kwa ubaya. Ni katika Kiswahili cha mahakamani tu ambamo kutajwa kwa kesi hakuna wema wala ubaya. Ni siku ya kuangalia kama pande zote ziko tayari na kupanga tarehe. Mashahidi hawaitwi. Wazee hawaapi. Siku ya ushahidi ni ile ya kusikilizwa, au kusikizwa kama wasemavyo makarani wengi. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ilimgharimu mama yule nauli ya watu watatu na aibu mbele ya wazee aliowasumbua bure.

Hoja yangu ni kwamba sisi wasomi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika gharama hiyo. Kiswahili ndiyo lugha ambayo dola hulitumia kuzungumza na familia kwenye lango la gereza, na sisi tunaojiita walezi wake tumeiacha pale langoni bila mtu wa kuifafanua.

Pengine msomaji aliyezaliwa mbali na kaskazini mashariki angependa kuijua mandhari yenyewe. Hagadera ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, pamoja na Ifo na Dagahaley, zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia mwaka 2011, njaa ilipoikumba Somalia, Dadaab ilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Mji wa Garissa, wenye gereza kuu na Mahakama Kuu, uko umbali wa karibu kilomita 100, na mvua ikinyesha kilomita hizo huongezeka maradufu. Kwa miaka mingi mahakimu kutoka Garissa walifunga safari hadi Dadaab kuendesha mahakama ya kuzunguka, jambo lililowapunguzia watu safari za kesi ndogo. Walakini anayenyimwa dhamana au anayefungwa huvushwa hadi Garissa, na pengine kutoka huko akahamishiwa gereza jingine kabisa, bila jamaa zake kupata habari hadi siku watakapofika langoni na kuambiwa hayupo.

Ndani ya kambi, shule hufuata mtalaa wa Kenya. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 hukisoma Kiswahili na hukifanyia mtihani, ilhali mamaye hukisikia tu sokoni na kwenye foleni. Matokeo yake ni kwamba watoto wamegeuka wakalimani wa kesi za kaka zao. Binti niliyemtaja alikuwa hodari sana wa methali na ngeli za nomino, lakini hakuna somo hata moja nililomfundisha lililomwandaa kumweleza mamaye maana ya "kuzuiliwa kwa siku 14 uchunguzi ukiendelea".

Hebu tuutazame mnyororo wa lugha ulivyo. Hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imesema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumiwa. Hilo ni jambo jema. Ila Katiba imempa mkalimani mshtakiwa. Mamaye aliye kwenye benchi la nyuma hakupewa. Yeye huokota maneno mawili matatu yaliyomfikia, huyabeba hadi kambini, na huko hukusanywa mchango wa ukoo kwa msingi wa maneno hayo.

Msamiati wenyewe unatupa somo ambalo nisingelipata darasani. Kiswahili chetu cha Kenya kimejaa maneno ya Kiingereza katika uwanja huu: rumande, bondi, seli, jela. Hudhaniwa kwamba maneno hayo ndiyo mepesi kwa raia, na kwamba msamiati wa asili ya Kiarabu ni mapambo ya wasomi. Huko Hagadera mambo huwa kinyume. Msomali huita mahakama maxkamad, hukumu xukun, sheria sharci, mfungwa maxbuus na gereza xabsi (herufi x kwao ni h nzito ya kooni). Ukimwambia "mwanao ni mahabusu, amri imetoka mahakamani", umemwambia jambo analolielewa nusu hata kabla ya mkalimani kufungua kinywa. Ukimwambia "yuko rumande" umempa fumbo. Kuhusu gereza lenyewe, neno ambalo wengi hulihusisha na igreja, kanisa kwa Kireno, na ambalo Mombasa ililivisha jengo la Fort Jesus lilipotumika kufungia watu kuanzia 1895 hadi 1958, yeye hana deni nalo, xabsi humtosha.

Hata hivyo, neno kufanana si neno kueleweka, na mfano mzuri ni dhamana. Wasomali nao wana damaanad, na mila ya mtu kumsimamia mwenziwe ni kongwe kwao. Lakini sikiliza amri ya mahakama inavyotolewa: mshtakiwa aachiliwe kwa dhamana ya pesa taslimu shilingi 50,000 au bondi ya shilingi 100,000 pamoja na mdhamini wa kiasi hicho hicho. Nimewahi kuona familia ikijumlisha. Walipata 250,000, wakakata tamaa, wakaenda nyumbani. Kumbe amri hiyo ina njia mbili mbadala. Ya kwanza ni kuweka 50,000 na kupewa stakabadhi. Ya pili ni kuleta mtu mwenye mali au mshahara, aahidi kwamba mshtakiwa akitoroka atawajibika kwa 100,000. Siku ile hakuna anayetoa pesa. Mkimbizi hana hatimiliki ya shamba, kwa hiyo njia ya pili humlazimu kumwomba raia wa Kenya, mara nyingi mtu wa ukoo mmoja naye kutoka jamii ya wenyeji. Si jambo rahisi, ila ni tofauti kabisa na kutafuta shilingi 250,000 ndani ya kambi.

Jambo ambalo karibu kila mtu niliyezungumza naye hakulijua ni kwamba pesa za dhamana si faini, wala si ada ya mtu yeyote. Kesi ikiisha, na ikiwa mshtakiwa alifika mahakamani kila alipotakiwa, hurejeshewa aliyeziweka hata kama mshtakiwa amepatikana na hatia. Stakabadhi ile ni mali. Familia nyingi huitupa, na zile ambazo hazikupewa stakabadhi hazikuwa zimelipa dhamana, zililipa kitu kingine ambacho msomaji anaweza kukipa jina mwenyewe.

Vilevile kuna viunganishi. Tunapofundisha "au" na "na" katika isimu tunazungumzia uambatani na uchaguzi, kisha tunapita. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, mkimbizi aliyekaa nje ya eneo lililotengwa bila idhini alikabiliwa na faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Uhai wa mtu umekaa ndani ya "au" mbili. Sheria hiyo imekwisha kuchukuliwa nafasi na ile ya 2021, lakini kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kivuli juu ya kila safari ya kumtembelea mfungwa: mama asiye na kibali aliyepanda gari kwenda Garissa kumwona mwanawe aliweza kukamatwa njiani na kuwa mahabusu yeye mwenyewe.

Kuanzia 2010 Ibara ya 49 ya Katiba ilisema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Maana yake ni kwamba aliyekamatwa kwa kosa hilo peke yake hakupaswa kukaa ndani akingoja kesi. Lakini mtu huyo huyo akishtakiwa chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, adhabu hupanda hadi faini ya shilingi 500,000 au miaka mitatu, au vyote, na mlango ule wa Ibara ya 49 hufungwa. Kijana ni yule yule, barabara ni ile ile. Kinachotofautiana ni mstari mmoja kwenye hati ya mashtaka. Ndiyo maana nasema swali la kwanza ambalo jamaa wanapaswa kuuliza kituoni si "mnataka nini ili mmwachilie?" bali "ameandikiwa kosa gani, chini ya sheria ipi, na nambari yake ya OB ni ngapi?" Wakishapata nambari hiyo ya kitabu cha matukio, mtu wao hawezi kupotea kirahisi. Aidha wajue kwamba Katiba hiyo hiyo inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zimeishia usiku au wikendi, na kwamba ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa.

Najua kuuliza kunahitaji moyo. Tangu shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, na hata kabla yake, wakati wa msako wa Usalama Watch wa Aprili 2014 uliowajaza watu katika uwanja wa Kasarani, jamaa wengi huogopa hata kukaribia kituo wasije wakaunganishwa na tuhuma za mtu wao. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini methali hiyo haikutungwa mbele ya kaunta ya polisi.

Kisha kuna maslaha, na hapa ndipo naomba subira ya msomaji kwa sababu ndipo penye kutoelewana kukubwa zaidi. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na kambini pia, wazee huketi, makosa hupimwa, dia hutolewa kwa ngamia au fedha, na mambo huisha. Familia iliyokwisha kulipa na kusamehewa huamini kwa dhati kwamba kesi imekufa. Kijana asipoachiliwa husema wamedhulumiwa. Hawajui kwamba jalada mahakamani limeandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Aliyeumizwa ni shahidi, mwenye kesi ni Jamhuri. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeweza kuomba kuiondoa, na hata yeye anahitaji idhini ya mahakama. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao, na uamuzi huo ulizungumzwa sana. Wengi walielewa kwamba dia hufungua gereza. Haikuwa hivyo; mwendesha mashtaka aliomba, jaji akaridhia, na jaji mwingine angeweza kukataa. Sitetei hapa maslaha katika kesi za ubakaji, ambamo mara nyingi wanaopatana ni wanaume na anayenyamazishwa ni msichana. Ninachosema ni kwamba familia ikielezwa mapema nani mwenye kesi, haitauza mbuzi wake wa mwisho ikidhani inanunua ufunguo. Ni vivyo hivyo kwa wanaokimbilia kwa kadhi: mamlaka yake kikatiba ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu wanaoikubali mahakama yake. Jinai si yake.

Hukumu ikishatoka, ujinga huzidi kuwa ghali. Rufaa kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 14. Mchango wa ukoo, kwa nilivyouona, huchukua wiki tatu. Mahakama yaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu nzuri, ila sababu hiyo lazima iandikwe na mtu anayejua kuiandika. Kuna pia neno "kifungo cha nje". Mama akilisikia, huanza kulia anapofika "kifungo" na hasikii "cha nje", kumbe mwanawe anarudi nyumbani na atakuwa chini ya uangalizi. Ningependa sana mtu atutafutie istilahi isiyoanza na kilio. Wenzetu wa huduma kwa jamii, waliowekwa na sheria ya 1998, walibahatika zaidi kwa jina.

Nako kuna theluthi. Mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja, kama si wa maisha wala si wa makosa machache yaliyotengwa kama wizi wa kutumia nguvu, hupunguziwa theluthi moja kwa kazi na mwenendo mwema. Miaka mitatu huwa miwili. Nimesimuliwa kisa cha familia iliyomficha kijana wao nyumba ya shangazi kwa majuma kadhaa kwa sababu alirudi mwaka mmoja kabla ya hesabu yao, wakaamini ametoroka. Yeye mwenyewe alijaribu kueleza. Hawakumwamini. Nilicheka nilipokisikia, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Tuje kwetu sasa, wapenzi wasomaji wa jarida hili. Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya gereza. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni baada ya kijarida chake cha Kenya: Twendapi? cha 1968, Alamin Mazrui alitupa Chembe cha Moyo kutokana na kuzuiliwa kwake miaka ya 1980, Adam Shafi akatuandikia Haini. Tumevichambua vitabu hivi kwa nadharia za kila aina, na inafaa tuendelee. Lakini tumezoea kulitazama gereza kwa macho ya aliye ndani, tena mara nyingi aliye ndani kwa sababu ya siasa, msomi, mwenye kalamu hata kama karatasi yake ni ya msalani. Mama aliyesimama nje ya lango, asiyejua kama leo ni siku ya kuwaona wafungwa, hajawa mada. Mageuzi ya magereza aliyoyasimamia Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais kuanzia 2003 yaliufungua mlango wa gereza kwa wageni na wanahabari. Hayakufungua lugha yake.

Nimewahi kuitoa hoja hii katika semina, na nikajibiwa kwamba hii ni kazi ya mawakili na mashirika. Ni kweli kwamba mashirika kama Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria yamefanya mengi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeiwekea serikali wajibu wake. Lakini wakili ni mmoja na benchi la nyuma lina watu 40. Isitoshe, kamusi za istilahi za sheria ambazo nimezitumia zimeandikiwa mwanasheria anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili; humwambia kwamba neno hili ni lile. Hazimwambii mzazi afanye nini kesho asubuhi. Mhadhiri mmoja aliniuliza kama kijitabu cha namna hiyo kingehesabiwa kuwa utafiti. Sijui kingehesabiwa kuwa nini. Najua kwamba kila mwaka tunawapeleka wanafunzi kufanya ukalimani na tafsiri wa hotuba za marais ambao tayari wana wakalimani.

Ninachopendekeza si kikubwa. Wanachama wa chama chetu wenye asili ya kaskazini mashariki, ambao wanazo lugha zote mbili, washirikiane na wanafunzi wa sheria kuandika kurasa 20 za Kiswahili chepesi, zinazosomeka kwa sauti, kwa sababu zitasomwa na mtoto kwa mamaye usiku. Waanze kituoni wamalizie siku ya kutoka gerezani. Wachague mahabusu badala ya rumande penye uwezekano, lakini waweke yote mawili maana askari atasema rumande. Kila penye "au" watoe mfano wa hesabu. Kisha kitafsiriwe kwa Kisomali na kisomwe redioni, kwa kuwa Hagadera husikiliza redio kuliko inavyosoma.

Mama yule nilimwambia kwamba mwanawe hakutajwa kwa wema wala kwa ubaya, na kwamba tarehe iliyokuwa kwenye karatasi yake ilikuwa ya kusikilizwa; hiyo ndiyo siku ya kwenda. Kama wazee wangehitajika, wakili au kijana mwenyewe angewaita wakati wa utetezi. Aliniomba nilitamke neno hilo tena, polepole. Binti aliliandika nyuma ya karatasi, kusikilizwa, na kando yake neno la Kisomali. Mama alilirudia mara tatu, akaikunja karatasi, akaifunga tena ndani ya kitambaa.